Mishahara na stahili za kazi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Katika ukanda unaoanzia Mwadui na Kahama hadi Geita, Katoro na Nyarugusu, watu wanaoishi mtaa mmoja hulipwa kwa mifumo isiyofanana kabisa. Dereva wa lori la mgodini ana hati ya mshahara, mwalimu ana ngazi ya serikali, mchimbaji mdogo ana mgao wake wa mawe, na mkulima wa pamba anasubiri bei ya msimu. Kazi hizi hulinganishwa kila siku vijiweni, na kipimo kinachotumika karibu siku zote ni fedha inayoshikwa mkononi. Kipimo hicho kinapotosha. Tofauti kubwa kati ya kazi hizi iko katika nani anayelipa siku kazi inaposimama: mtu anapougua, duara (shimo la wachimbaji wadogo) linapobomoka, mgodi unapofungwa au bei inapoanguka.

Historia

Ajira ya mshahara katika madini ilitangulia uhuru. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na hapo ukakua mji wa kampuni wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Stahili za Mwadui zilionekana kwa macho: mfanyakazi alihamia na familia yake, na watoto wakasoma ndani ya uzio. Ubaya wake ni kwamba aliyepoteza kazi alipoteza pia nyumba.

Wimbi jipya lilikuja na mgodi wa Geita (GGM) mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Katika migodi hii wafanyakazi wengi wa fani hukaa kambini kwa zamu, na familia zao hubaki Mwanza, Dar es Salaam au kwingineko. Chakula, malazi, usafiri na matibabu ni sehemu ya malipo ingawa haviingii benki, na mtu akivihesabu ndipo huona kwa nini kazi ya mgodini hugombewa. Hata hivyo ndani ya geti moja kuna walioajiriwa na mgodi wenyewe na walioajiriwa na wakandarasi. Hawa wa pili huvaa kofia ngumu ileile na kuingia zamu ileile, lakini mikataba yao kwa kawaida ni mifupi na marupurupu yao hutegemea zabuni ya mwajiri wao.

Kima cha chini

Amri ya mshahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika 1 Januari 2023 inaonyesha ngazi za kazi vizuri kuliko takwimu yoyote ya wastani. Kwa mwezi, mfanyakazi wa kampuni yenye leseni ya uchimbaji au utafiti alipangiwa shilingi 500,000, na wa leseni ndogo ya uchimbaji 300,000. Mfanyakazi wa wafanyabiashara wakubwa wa madini alipangiwa 600,000, yaani zaidi ya anayeyachimba. Mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi alipata 148,000, kibarua wa shamba 140,000, na mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri 60,000. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye anayelea watoto wa yule wa 500,000 akiwa zamu. Mmoja alindwe na sheria kwa zaidi ya mara nane ya mwenzake ndani ya nyumba moja: hilo linastahili kusemwa waziwazi, maana bila huyo wa 60,000 zamu ya mgodini isingewezekana. Amri mpya iliyotangazwa Oktoba 2025 ilipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026.

Hati mbili za mshahara

Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa hiyo mtumishi wa ngazi ya chini wa halmashauri ya Geita alifikia tarakimu ileile iliyokuwa ya mgodini wakati huo. Tuziweke hati zao pamoja. Mfanyakazi wa mgodi hukatwa asilimia 10 ya mfuko wa pensheni wa NSSF, yaani 50,000. Kodi huanzia kwenye kiasi kinachozidi 270,000 baada ya mchango huo kuondolewa, kwa asilimia 8 katika daraja la kwanza, hivyo hukatwa 14,400 na kubakiwa na 435,600. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 tu ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, yaani 25,000, asilimia 3 ya bima ya afya (NHIF), yaani 15,000, na kodi ya 16,400. Anabaki na 443,600. Katika mifuko yote miwili ya pensheni mchango kamili ni asilimia 20, shilingi 100,000, ila mtumishi ametoa robo yake na mwajiri robo tatu, wakati wa mgodini ametoa nusu.

Katika ngazi za juu sura hubadilika. Mwalimu wa astashahada huanzia daraja la TGTS B, wa stashahada C na wa shahada D, na hupanda kwa miaka. Fundi mitambo au mhandisi wa mgodini humpita mbali. Lakini mwalimu ana kitu ambacho benki hukijua thamani yake: mshahara wa serikali hautarajiwi kukoma, kwa hiyo hukopesheka kwa urahisi, na nyumba nyingi za walimu Kahama na Geita zimejengwa kwa mkopo wa namna hiyo. Mchimbaji aliyepata milioni tano wiki iliyopita hana hati ya kuipeleka popote.

Mgao wa duara

Kwa wachimbaji wadogo hakuna mshahara. Mwenye leseni ana eneo, mwenye duara anagharimia dizeli, baruti, matimba na chakula, na wachimbaji wanatoa nguvu. Gharama zikishaondolewa, mawe hugawanywa kwa mifuko. Sehemu za mgao hutofautiana machimbo kwa machimbo, lakini mchimbaji mmojammoja siku zote yuko mwisho wa foleni, kwa sababu fungu la wachimbaji hugawanywa tena kwa idadi yao. Kisha kila mmoja hupeleka mifuko yake karashani kusaga, na mwaloni kuosha na kukamatisha dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani mabaki ya kuosha, ambayo bado yana dhahabu, mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha, naye huyachenjua kwa sianidi na kupata fungu ambalo mchimbaji hakulihesabu kamwe. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 bei imekuwa ya wazi zaidi. Mrabaha wa kawaida ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Uwazi huo humfaidi mwenye dhahabu ya kuuza. Akina mama wanaoponda mawe pembeni mwa karasha hulipwa kwa ujazo walioponda, nao hawafiki sokoni.

Mchimbaji anapokaa miezi bila kupata, hula kwa mwenye duara, na huo ndio usalama wake wote. Duara nalo linaweza kumfukia: mwaka 2015 watu watano waliopolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Aliyeajiriwa rasmi akiumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake. Anayefanya kazi kwa mgao, asiye na mwajiri wa kumchangia, hana.

Pamba nayo ina hatari yake. Bei elekezi ilikuwa 1,560 kwa kilo mwaka 2022 na 1,060 mwaka 2023. Mkulima wa Kishapu aliyevuna kilo 500 miaka yote miwili alipoteza shilingi 250,000 bila kupunguza jembe hata moja.

Kazi inapokoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wiki ya saa 45, malipo ya saa za ziada kwa mara moja na nusu, likizo ya siku 28, uzazi siku 84 na ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, usiozidi miaka 10. Kwa mtu aliyeingia mgodini kijana na kuachishwa akiwa na miaka 38, hizo ni siku 70 tu.

Hilo si jambo la kufikirika. Bulyanhulu ilipopunguza shughuli mwishoni mwa 2017, baada ya zuio la kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi, wafanyakazi na vibarua wa wakandarasi walirudishwa nyumbani kwa wingi. Buzwagi ilifungwa mwaka 2021. Ndiyo maana fao la kujitoa, yaani haki ya kuchukua michango ya pensheni mtu anapoacha kazi, lilipoondolewa mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga uamuzi huo: mgodi huisha kabla ya mtu kufikisha umri wa pensheni wa miaka 55 au 60. Fao la kukosa ajira, lililoletwa mwaka 2018, hulipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita.