Safari ndefu ya kuitambua saratani ya kibofu katika pwani ya kichocho

Saratani za njia ya mkojo na za viungo vya uzazi vya mwanamume, yaani zinazoota kwenye figo, kibofu, tezi dume, korodani au uume, huhesabiwa katika nchi nyingi, isipokuwa ya korodani, kuwa maradhi ya uzeeni, na ile ya kibofu huhusishwa zaidi na uvutaji wa sigara. Katika ukanda unaoanzia Mto Nile na kushuka hadi bonde la Ruvuma, hata hivyo, saratani ya kibofu ina chanzo kingine, ambacho huanza utotoni katika maji ya kuogelea na ya kulimia mpunga. Chanzo hicho ni kichocho, na historia ya madaktari waliokifuatilia inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuuchunguza ugonjwa ambao muda wake wa kukomaa ni mrefu kuliko mkataba wa kazi wa daktari mwenyewe.

Minyoo ya kichocho hupitia sehemu ya maisha yake ndani ya konokono wadogo wasioweza kuishi kwenye maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo, mikoko ya mdomo wa Ruvuma, inayofikiwa na maji ya bahari kila siku, haina hatari iliyopo huko juu ya mto penye majaruba, mabwawa na vidimbwi vinavyobaki mto unapopungua. Lava wanaotoka kwa konokono hutoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini, na minyoo ikishakomaa hukaa kwenye mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, ikitaga mayai yenye mwiba mmoja nchani ambayo hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Yale yanayonasa humo huuvimbisha ukuta huo mwaka hadi mwaka, seli zake hubadilika umbo na kuwa bapa kama za ngozi, na kwa baadhi ya watu mabadiliko hayo huishia kwenye saratani.

Mnyoo wenyewe ulitambuliwa mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyekuwa akipasua maiti katika hospitali ya Qasr al-Aini mjini Cairo. Bilharz alifariki mwaka 1862 akiwa na umri wa miaka 37, kabla uhusiano wa mnyoo huo na saratani haujathibitika. Ilipita karibu nusu karne nyingine hadi mwaka 1911, A. R. Ferguson, naye akiwa Cairo, alipochapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho pamoja na saratani ya kibofu, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha, pia nchini Misri, kwamba konokono ndio wanaoueneza ugonjwa huo.

Katika Afrika Mashariki kazi iliyozama zaidi ilifanyika miaka ya 1960, na ilianzia shuleni. Watafiti Forsyth na Macdonald waliwachunguza wanafunzi wa Usagara, Tanga, kisha wa Donge, Unguja, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965 na 1966. Walitumia picha za eksirei zinazopigwa baada ya kuchoma sindano ya dawa inayoifanya mirija ya mkojo ionekane, nazo zikaonyesha kwamba watoto waliokuwa wakihudhuria masomo kama kawaida walikuwa na mirija iliyoziba, figo zilizovimba na vibofu vilivyoanza kujaa chokaa. Ugunduzi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa ulionyesha kwamba madhara huanza miongo kadhaa kabla ya mtu mzima kuletwa hospitali akivuja damu. Wakati huohuo Andrew Davis aliongoza mjini Tanga kituo cha Shirika la Afya Duniani cha kujaribu dawa za kichocho, ambako metrifoneti, mojawapo ya dawa hizo, ilipimwa kwa uangalifu mkubwa. David Bradley, aliyeandika pamoja na Forsyth mwaka 1966 kuhusu madhara ya kichocho kaskazini magharibi mwa Tanzania, baadaye aligeukia swali la wapi na kwa shida gani familia za Afrika Mashariki huchota maji. Mwelekeo huo una maana kubwa kwa wakazi wa uwanda wa Makonde, ambao kwa vizazi vingi wameteremka mabondeni kutafuta maji.

Kusini mwa Tanzania nako hakukukosa madaktari wenye jicho kali. Mlipuko wa homa ya chikungunya wa mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ulielezwa na Marion Robinson katika makala ya mwaka 1955 ambayo wanasayansi duniani bado huirejea. Lakini homa hujidhihirisha kwa siku chache, ilhali saratani huhitaji sampuli ya nyama iliyokatwa kibofuni, mtaalamu wa patholojia wa kuisoma kwa darubini na daftari linalotunzwa kwa miaka mingi. Mgonjwa wa Mtwara alipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ilianzishwa kisheria mwaka 1996, na hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 ilimbidi avuke Rufiji kwa kivuko, barabara ikiwa mara nyingi haipitiki wakati wa masika. Asiyefika hospitali hakuingia kwenye takwimu yoyote, na ukimya wa takwimu usichukuliwe kuwa ushahidi wa afya.

Upande mmoja wa historia hii unaipa pwani ya kusini nafuu. Mwaka 1963 watafiti Dodge na Linsell walilinganisha saratani ya uume nchini Uganda na Kenya, na utafiti wa aina hiyo ukaonyesha kwamba ugonjwa huo ni wa nadra katika jamii zinazotahiri wavulana wakiwa wadogo. Kwa hiyo jando la Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambalo Askofu Vincent Lucas wa Masasi alilipa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku, limekuwa pia kinga ambayo haikukusudiwa.

Mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuorodhesha rasmi mnyoo wa kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2013 Peter Rambau, Phillipo Chalya na Kahima Jackson wa Mwanza walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu: 83 kati yao walikutwa na mayai ya kichocho, na zaidi ya nusu ya saratani zote zilikuwa za seli bapa. Thamani ya kazi hiyo inatokana na kwamba walioifanya ni madaktari wanaoishi na kufundisha palepale wanapotibu, wakitumia kumbukumbu za hospitali yao wenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, Mtwara, inastahili wataalamu wa namna hiyo, watakaokaa miaka ya kutosha kumfuatilia mtoto wa bonde la Ruvuma hadi utu uzima wake.

Kwamba juhudi za kukikabili kichocho huzaa matunda kumeonekana Misri, ambako tiba ya kichocho kwa dawa ya prazikwanteli ilisambazwa kwa wingi: katika Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Cairo, saratani za seli bapa zilikuwa asilimia 78 ya saratani zote za kibofu mwaka 1980, na kufikia mwaka 2005 zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 27. Kipimo cha kichocho chenyewe ni chepesi. Mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, mililita 10 husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio kidogo, na kichujio hicho hutazamwa kwa darubini. Mzazi anayeona damu kwenye mkojo wa mwanawe asiichukulie kuwa dalili ya kubalehe, ampeleke akapimwe na kupewa dawa. Na mtu mzima mwenye dalili hiyo, hata kama hasikii maumivu, aombe kibofu chake kichunguzwe mapema.