Bega la Mwokaji Mikate

Machi 1893, jijini Paris, mwokaji mikate wa miaka 37 alikuwa mikononi mwa daktari Jules-Émile Péan, bega lake likiwa limeliwa na kifua kikuu. Mfupa ulikuwa umeoza na usaha umejaa. Enzi hizo mgonjwa wa namna hiyo alikatwa mkono. Huyu alikataa.

Péan alikuwa mpasuaji mwenye jina kubwa, hata mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec alimchora akiwa kazini. Kwa bega hili alimtegemea daktari wa meno, J. Porter Michaels, na ilikuwa busara, kwani watu wa meno walikuwa na uzoefu wa vifaa vinavyovumilika mwilini. Michaels alitengeneza bomba la platinamu lichukue nafasi ya mfupa wa juu wa mkono, na juu yake akaweka tufe la mpira mgumu lililochemshwa katika nta ya parafini. Kwenye tufe alichonga mifereji miwili, akapitisha pete za chuma: moja ya kulishika kombe la bega, nyingine ya kulishika bomba, ili mkono uinuke na kuzunguka.

Mkono ulifanya kazi. Kifua kikuu, hata hivyo, hakikuwa kimeondoka. Usaha ulirudi, na baada ya miaka kama miwili Péan alilazimika kukitoa kifaa chake. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyokiweza kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943, nusu karne baadaye.

Umri wa mgonjwa yule unanigusa sana. Leo wengi wanaobadilishiwa bega ni wazee, lakini huyu anayetajwa kuwa wa kwanza alikuwa mtu mwenye nguvu zake, ambaye riziki yake ilitoka mikononi. Bega bandia litahimilije miaka mingi ya kazi? Swali hilo lilianza naye, na halijaisha.

Baada yake palikuwa kimya kirefu. Katika miaka ya 1950 Charles Neer, daktari wa mifupa New York, alikuwa akihangaika na watu waliovunjika bega vibaya kiasi kwamba kichwa cha mfupa kilitolewa, wakabaki na maumivu na mkono usio na nguvu. Akawawekea kichwa cha chuma, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, na mwaka 1955 akachapisha matokeo. Baadaye, katika miaka ya 1970, aliongeza kikombe cha plastiki upande wa pili wa kiungo.

Kikombe hicho ndicho chenye taabu. Bega limekaa kama chungwa juu ya kisosi: linazunguka kuliko kiungo kingine chochote, ila lina mfupa mdogo wa kulishikilia. Mtu anayebeba, anayelima au anayefua kila siku hukitikisa kikombe hadi kilegee. Ukiacha plastiki ukaweka tufe la chuma peke yake, chuma nacho hula mfupa ulio mbele yake. Mwaka 1998 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti kuhusu wagonjwa wao wa miaka 50 kushuka chini waliowekewa bega bandia: maumivu yalipungua sana, lakini walipopima matokeo kwa jumla, karibu nusu hayakuridhisha. Ndiyo maana huko Seattle, Frederick Matsen na wenzake waliamua kulisawazisha kombe lenyewe kwa mashine na kuliacha bila plastiki, kisha mgonjwa afanye mazoezi kwa miezi mingi. Nalo bega la kugeuza, ambalo tufe hukaa kwenye kombe na kikombe kwenye mkono, alilobuni Paul Grammont huko Dijon mwaka 1985, lilikusudiwa hasa kwa wazee ambao kano za misuli yao zimechanika.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulifuatilia jambo hili. Ugonjwa wa selimundu, unaowapata wengi kwetu, huziba mishipa midogo inayolisha mifupa, na baada ya kichwa cha paja, kichwa cha mfupa wa bega ndicho hufa mara nyingi zaidi. Kijana wa miaka 25 anaweza kushindwa kuchana nywele. Akiwahi, mfupa unaweza kutobolewa kupunguza shinikizo, na bega bandia likasubiri. Kuwahi kwenyewe kuna mtego: picha ya eksirei ya mwanzoni inaweza kuonekana safi kabisa, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, ilhali kipimo cha MRI kingeonyesha ugonjwa kabla kichwa cha mfupa hakijabonyea.