Watawa Hawa Wanalima Wapi? Kutazama Utawa wa Kibudha Kutoka Kiloleli

Filamu ya hali halisi Walk with Me (2017), ya waongozaji Marc J. Francis na Max Pugh, inawafuata watawa wa Plum Village, jumuiya iliyoanzishwa kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1982 na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kivietnam. Watu wananyolewa nywele, wanatembea polepole, wanakula kimya. Kengele ikilia, kila mmoja anasimama alipo, anavuta pumzi, kisha anaendelea. Mara chache inasikika sauti ya mwigizaji Benedict Cumberbatch akisoma shajara za Thich Nhat Hanh. Niliitazama Kiloleli, mkoani Simiyu, jioni moja ya msimu wa kupalilia pamba, pamoja na majirani watatu waliotoka shambani. Filamu haijafika mbali, mzee mmoja akauliza: "Mwalimu, hawa wanalima wapi?"

Msomi anaweza kulipuuza swali hilo, akaona mzee amekosa kuuelewa ukimya. Ninashikilia kinyume chake: mzee alikuwa karibu na kiini cha utawa wa Kibudha kuliko kamera yenyewe, ambayo inavutiwa zaidi na miti, ukungu na nyuso zilizotulia.

Kwanza, swali lenyewe ni la kale. Katika mkusanyo wa Sutta Nipata, Kasibharadvaja, mkulima wa tabaka la Brahmin, anawagawia chakula vibarua wake msimu wa kupanda. Buddha anafika na kusimama akingoja riziki. Mkulima anamwambia kwamba yeye hulima na kupanda ndipo ale, naye afanye hivyo hivyo. Buddha anajibu kuwa yeye pia ni mkulima, akizungumzia jembe na mbegu za moyoni. Nilipomsimulia mzee kisa hiki alicheka, akasema jibu ni zuri ila halishibishi. Lakini kisa hakiishii hapo. Mkulima anaridhika, anamletea wali wa maziwa, na Buddha anaukataa, kwa sababu chakula cha mtawa hakiwezi kuwa ujira wa maneno aliyoyasema. Hapo ndipo ugumu ulipo: mtawa halimi, wala hauzi mahubiri. Ataishije?

Kanuni 227 za mtawa wa kiume wa Theravada zinalijibu swali hilo kwa kumfungia njia. Haruhusiwi kuchimba ardhi wala kukata mimea. Haruhusiwi kula mlo baada ya adhuhuri, wala kuweka chakula cha kesho. Kwa hiyo kila kunapokucha hana budi kuwategemea walei, akipita na bakuli au wakimletea. Anayedhaniwa kuwaacha watu amefungwa kwao kwa njaa ya kila siku, na kanuni zimekusudia hivyo. Plum Village, iliyo ya mkondo wa Zen, imelegeza fundo hilo. Huko wana bustani zao za mboga, na mzee angeziona angetulia mapema.

Afrika Mashariki inaliweka jambo hili wazi zaidi. Hekalu la Kibudha la Dar es Salaam lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na Wasinhala kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, waliofika kufanya kazi. Walei ndio walioweka msingi wa nyumba ambayo watawa wangekuja kukaa. Historia ya hekalu hilo haianzi na mtu aliyekimbilia msituni.

Hata hivyo, Mtanzania anaposikia neno mtawa humkumbuka zaidi Mbenedikto: Peramiho tangu 1898, Ndanda tangu 1906, pamoja na mashamba, karakana na hospitali. Watawa hao sala yao inaonekana pamoja na kazi. Swali la mzee lilitoka huko pia.

Katika filamu, majirani walipendezwa zaidi na msichana mdogo anayeuliza afanyeje asihuzunike baada ya mbwa wake kufa. Thich Nhat Hanh anamjibu kwa mfano wa wingu linalogeuka mvua, kisha chai. (Simiyu mfano huo una ukali wake: hapa watu wanayajua mawingu yanayopita bila kugeuka chochote.)

Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyewekwa wakfu kuwa mtawa wa Kibudha mwaka 2002 na kuanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda mwaka 2005, amewahi kusimulia kuwa bakuli lake lilidhaniwa ngoma. Niliwasimulia wenzangu nikitegemea kicheko. Hawakucheka. Wakaanza kuzungumzia bugobogobo, ngoma ya kulimia ya Wasukuma, ambapo majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Nilijaribu kuilinganisha na kengele ya Plum Village: kengele inasimamisha mikono, ngoma inaizuia isisimame, na zote mbili humtoa mtu katika mwendo wake binafsi na kumtia katika mwendo wa kundi. Mzee hakuujali sana ulinganisho wangu. Yeye alikuwa bado kwenye chakula.

"Mpiga ngoma halimi siku hiyo," alisema, "na hakuna anayemnyima ugali."

Nikadhani tumelimaliza swali lake. Akaitazama tena skrini, watawa wakipita mmoja mmoja chini ya miti.

"Sasa hawa, mwalimu, ngoma wanampigia nani?"