Hadithi na Uvumi: Fundisho kutoka Njombe

Katika makala hii tunakusudia kuuliza kama hadithi za wazee wetu zina fundisho kwa watumishi wa Bwana nyakati za dhiki. Mfano wetu ni Njombe na Makambako, nchi ya Wabena.

Nchi hiyo imeijua dhiki. Septemba 1905, vita vya Majimaji vilipofika huko, kituo cha Misioni ya Berlin cha Yakobi kilishambuliwa. Wapiganaji walikuwa na dai la haki dhidi ya utawala wa Wajerumani. Lakini wengi walikufa wakiamini habari kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Njaa ikafuata. Tena, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto kadhaa wa Njombe walitekwa na kuuawa; mauaji hayo yalihusishwa na imani ya kishirikina kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri.

Sasa tuitazame hadithi ambayo makabila mengi ya Kibantu huisimulia, kila moja kwa namna yake. Zimwi lilimkamata msichana, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka vijijini. Kila lilipoipiga, mtoto aliimba. Wenyeji wakacheza na kulilisha. Hatimaye likafika kwa wazazi wake. Mama akaitambua sauti. Zimwi lilipolala, wakamtoa mtoto, wakaijaza ngoma nyuki na nyoka.

Twajifunza mambo matatu. Kwanza, hadithi hujitangaza kuwa hadithi: msimulizi husema "Paukwa", nasi twaitika "Pakawa". Uvumi haufanyi hivyo. Hujivika vazi la kweli, na kwa hiyo huua. Pili, zimwi halikushiba kwa nguvu zake tu, bali kwa ukarimu wa wale waliocheza bila kuuliza. Tatu, mama hakwenda kwa mpiga ramli, wala hakumshuku kikongwe jirani; alisikiliza, akahakikisha, akaifungua ngoma.

Mchungaji anayekemea hadithi hizi kuwa za kipagani hupoteza msaada mkubwa. Katika Mwanzo 4 damu ya Habili inalia kutoka ardhini, na Mungu anaisikia. Basi tujiulize: sadaka nono inapoletwa madhabahuni na mtu aliyetajirika ghafla, je, sisi hucheza pamoja na wanakijiji, au huuliza ni sauti ya nani iliyomo ndani ya ngoma?