M-Pesa na kazi ya mtu wa katikati

Ukikaa na sisi waandikaji wa programu hukosi kusikia mzaha kuhusu meneja wa bidhaa: eti kazi yake ni mikutano na chai. Haandiki programu, hauzi, hashiki vitabu vya hesabu. Sasa anafanya nini? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko hapa hapa kwetu, katika ile miaka miwili kabla ya M-Pesa kuzinduliwa.

Wazo lilitoka Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes: watu walipe mikopo midogo kwa simu. Serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaongeza zake. Mwaka 2005 mwenzake, Susie Lonie, akaja Nairobi kulitia wazo mikono na miguu. Alichofanya ndicho tunachokiita leo kazi ya meneja wa bidhaa.

Hebu hesabu aliokuwa nao. Programu iliandikwa na Sagentia ya Cambridge. Laini na maduka yalikuwa ya Safaricom. Mikopo ilikuwa ya Faulu. Pesa zenyewe zilikaa Commercial Bank of Africa. Kila mmoja na bosi wake, kila mmoja na hofu yake. Huwezi kuwaamuru wote hao kwa barua moja.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Tatizo likajitokeza mahali ambapo sisi huwa hatutazami: hesabu za Faulu hazikuoana kirahisi na za mtambo mpya. Fikiria maana yake. Simu inasema mama amelipa, kitabu kinasema bado anadaiwa. Kosa kama hilo halimo ndani ya programu wala ndani ya kitabu. Liko njiani kati ya ofisi mbili, na atakayeliona ni yule anayetembea kati yake.

Huyo huyo ndiye anayeona wateja wanafanya nini hasa. Wapo walioweka pesa mji mmoja wakazitoa mwingine ili wasisafiri nazo. Wapo walionunua muda wa maongezi kwa M-Pesa wakawatumia jamaa zao mashambani. Mkopo haukuwa ndio uliowavuta. Walitaka kuhamisha pesa.

Basi Safaricom, chini ya Michael Joseph, ikaachana na mikopo. Huduma ikazinduliwa Machi 2007 kwa ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Hapa kuna funzo kuhusu wakubwa. Mkurugenzi hana muda wa kuchambua vitu ishirini. Mletee uamuzi mmoja, na ushahidi wa wateja mkononi. Kabla ya mwaka kwisha wateja walipita milioni 1.

Idara ya mwisho ni ile tunayoikimbia kabisa: sheria. Benki Kuu ilishirikishwa kabla ya uzinduzi, na pesa za wateja zikawekwa katika akaunti ya amana, mbali na pesa za Safaricom. Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, alitaka M-Pesa ichunguzwe. Januari 2009 ikatangazwa kuwa huduma ni salama. Kama mazungumzo hayo yangengoja hadi siku ya uchunguzi, programu nzuri kiasi gani isingeiokoa, na pesa za karo na za dawa zilizokuwa njiani zingekwama.

Kwa hiyo nikipewa meneja mpya wa bidhaa, simwulizi anajua lugha gani ya kompyuta. Namwuliza: umeshakaa na mhasibu? Na wakili je? Akijibu ndiyo, chai yake nanunua mimi.