Korongo la Susu

Nikipita Muindi Mbingu Street kuelekea City Market, huwa nawaza ni wangapi hapo wanajua huyo Mbingu alikuwa nani. Mimi nilimjulia kwa susu, si chuoni (niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa). Shamba la susu liko Machakos, na pembeni mwake kuna korongo la kumeza ng'ombe wawili. Yeye huliita korongo la Wazungu. Nilidhani ni hasira za uzee tu.

Miaka ya 1930, maofisa wa kikoloni waliangalia vilima vya Ukambani, wakaona udongo mwekundu uko uchi, wakahukumu: mifugo imezidi. Kuhusu udongo hawakudanganya. Mahali pakavu pakikosa majani, tone la mvua hupiga ardhi moja kwa moja. Chembe za udongo zinavunjika, zinaziba matundu, juu panabaki ukoko mgumu. Maji hayaingii tena, yanateremka, na yanateremka na shamba. Tena mvua ya kwanza kule hufika mwisho wa kiangazi, wakati majani ni machache kuliko siku zote.

Lakini majani yaliishaje? Milima ya Mua ilikuwa imeenda kwa walowezi, Yatta ikawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, watu wakabanwa ndani ya rizavu. Zamani nyasi zikipungua unahamisha mifugo, nazo zinapumua. Ukifungiwa mpaka, ng'ombe yuleyule anarudi palepale hadi ale mzizi.

Mwaka wa 1938 serikali ikaanza kutwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Kumbuka kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa tayari kimefunguliwa Athi River, karibu hapo tu. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakatembea hadi Nairobi kumtaka gavana, wakapiga kambi majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa lazima.

Udongo wenyewe ulikuja kushikwa na fanya juu: unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi kwenye tuta. Enzi za mkoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta na wakayachukia. Baada ya uhuru, vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, wakayafanya yao. Kufikia miaka ya 1980 watu wa Machakos walikuwa zaidi ya mara nne ya wale wa miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Sasa mjomba anataka kung'oa nepia kwenye matuta ya susu aongeze mahindi. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa, kwa hivyo kwake hizo nyasi hazina kazi. Susu amekataa kabisa. Mimi nikamwambia mjomba angoje kwanza aone mvua ya Oktoba itafanya nini.

Akaniuliza hayo nimesomea wapi.