Nani Anausoma Uzee Wetu? Majarida Huria na Hoja ya Same

Makala haya yanadai kwamba uhuria wa majarida ya kisayansi, yaani kusomwa bila malipo, kwa namna unavyoendeshwa sasa, hufuata mfuko wa mtafiti kuliko haja ya anayetafitiwa. Tafiti mbili za kuzeeka zenye asili ya Afrika Mashariki zinatosha kulithibitisha hilo.

Ya kwanza inahusu fuko asiye na manyoya, mnyama wa nchi kame za Kenya, Ethiopia na Somalia. Tangu Benjamin Gompertz aandike mwaka 1825, inafahamika kuwa hatari ya kufa hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa binadamu mtu mzima huongezeka maradufu takriban kila miaka 8. Mwaka 2018 Ruby, Smith na Buffenstein walichapisha katika jarida huria la eLife kumbukumbu zaidi ya 3,000 za maisha ya mafuko, wakaonyesha kwamba kwao hatari hiyo haipandi. Mwalimu wa baiolojia mjini Same anaisoma kazi hiyo yote kwenye simu kwa gharama ya bando tu.

Ya pili ilifanyika wilayani Hai, katika mkoa wa Kilimanjaro uleule ilipo Same. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa vijijini, na dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4. Matokeo yalitoka mwaka 2013 katika jarida linaloendeshwa kwa ada za wasomaji. Wilayani humohumo kilitengenezwa kipimo kifupi cha IDEA, kinachomfaa hata asiyejua kusoma: mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha hupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano. Maarifa ya namna hii ndiyo anayoyahitaji tabibu wa zahanati huko Maore, wilayani Same, anapoletewa bibi aliyeanza kupotea njia ya shambani kwake. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, husaidia kuyafikia majarida ya kulipia, ila husajili taasisi, si tabibu mmojammoja.

Kwa nini fuko asomeke kwa urahisi kuliko mzee wa Hai? Watafiti wa mafuko walikuwa chini ya Calico, kampuni iliyoanzishwa na Google. Ada ambayo mwandishi alilipa kuchapisha katika eLife wakati huo, dola 2,500, haikuwatisha.

Wapo watakaosema msamaha wa ada hiyo kwa waandishi wa nchi maskini unatosha. Hautoshi, kwa sababu mchapishaji ndiye anayeutoa na ndiye awezaye kuuondoa. Isitoshe, mtindo wa mwandishi kulipa umezaa majarida ya kilaghai yanayopokea fedha bila kuhakiki chochote.

Dawa iko nyumbani. Utafiti wa afya Tanzania huombewa kibali NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mswada hurudi huko kabla ya kuchapishwa. Hapo ndipo pa kuweka sharti: nakala iliyohakikiwa iwekwe katika hazina ya kidijitali ya chuo cha nchini, pamoja na muhtasari wa Kiswahili na kipimo chochote kilichopatikana. Wachapishaji wengi huruhusu jambo hilo, hata kama ni baada ya miezi kadhaa. Asiyeruhusu aachwe mapema, mswada upelekwe kwingine.